Barua haijapotea, ipo meza ya pili

Haya jamani karibuni, mliosimama mlangoni sogeeni huku mbele viti vipo. Leo hatuandiki barua wala hatupigi mahesabu, leo ni desktopu tu, ile sura inayokuja ukishaweka paswedi, maana nimeona watu wengi wanaiacha Linux, huu mfumo unaoendesha kompyuta zetu, siku ya kwanza kabisa, sio kwamba ni ngumu, ila hawakupata mtu wa kuwashika mkono.

Kwanza mjue Linux ni kitu kimoja na desktopu ni kitu kingine, unaweza kubadilisha desktopu na mafaili yako yakabaki palepale. Desktopu zenyewe zipo nyingi, kuna KDE aliyoianzisha Matthias Ettrich mwaka 1996, GNOME ikafuata 1997, na hii ya kwetu ni Xfce ya Olivier Fourdan, ile yenye nembo ya panya. Nimewawekea hii kwa sababu laptopu zenu nyingi ni za mtumba, ram, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni giga 2, na brauza peke yake inakula sana, sasa desktopu nayo ikila mtabaki na nini?

Paneli, ule mstari wa vitufe pembeni ya kioo, na menyu mtazizoea ndani ya siku mbili, sina wasiwasi. Ninapotaka tukae ni hapa. Juzi dada mmoja kaniita machozi yanamlenga, alikuwa anaandika barua ya kuomba kazi, mara kioo cheupeee, hakuna kitu. Kumbe kazungusha gurudumu la mausi wakati mshale uko pale patupu, nje ya dirisha. Xfce kwa kawaida inakuja na meza nne, yaani nafasi nne za kufungulia madirisha, unaona moja tu kwa wakati, ukizungusha gurudumu pale patupu inakuhamisha meza, basi! Nikamwambia shika Ctrl na Alt kwa pamoja, bonyeza kitufe cha mshale wa kushoto, barua ikarudi hadi herufi ya mwisho, angeizima mashine kwa hofu ndio ingepotea kweli.

Na nyie wenye vioo vidogo, dirisha likiwa refu mpaka kitufe cha chini hukioni, shikilia Alt, bonyeza popote ndani ya dirisha ulivute juu, litapanda mpaka kitufe kitokee.

Sasa kila mtu afungue madirisha mawili, ajihamishe meza halafu arudi mwenyewe, napita mmoja mmoja.