Nani Aliwaambia Kwamba Ninyi ni Mapanzi?

Ndugu wapendwa, tunapozungumza juu ya majitu ya Biblia, kuna jambo tunaliruka kila mara: Maandiko hayawapunguzi hata kidogo. Yanawapima. Kitanda cha Ogu, mfalme wa Bashani, kilikuwa cha chuma, urefu dhiraa 9 na upana dhiraa 4. Hiyo ni kama mita 4 kwa karibu 2. Dirii ya Goliathi ilikuwa na uzito wa shekeli 5,000 za shaba, zaidi ya kilo 50, na kichwa cha mkuki wake shekeli 600 za chuma. Urefu wake, Biblia zetu zinasema dhiraa 6 na shibiri moja, karibu mita 3. Tafsiri ya kale ya Kiyunani na gombo moja la kale lililopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, zinasema dhiraa 4 na shibiri, yaani mita 2 hivi. Sigombani na mtu kwa hilo. Mtu wa mita 2 mwenye mkuki kama ule anatosha kabisa kukunyima usingizi.

Nalitaja hili kwa sababu yako mahubiri yanayomtaka mgonjwa aseme haumwi, na mwenye deni aseme hadaiwi, eti hiyo ndiyo imani. Mimi siioni katika Maandiko. Wale wapelelezi 12 ambao Musa aliwatuma kutoka jangwa la Parani kuipeleleza nchi ya Kanaani walileta taarifa ya kweli. Miji ilikuwa na maboma. Wana wa Anaki, yaani majitu, walikuwako Hebroni, na wametajwa kwa majina: Ahimani, Sheshai na Talmai. Yoshua na Kalebu walikuwa kwenye msafara huohuo, siku 40 zilezile, wala hawakurudi kusema kwamba jamaa wale ni wafupi. Wale 10 walipoharibu ni mwishoni kabisa, Hesabu 13:33: "tukajiona nafsi zetu kuwa kama mapanzi; nao ndivyo walivyotuona sisi."

Tusimame hapo kidogo. Walijuaje? Hatusomi popote kwamba walizungumza na jitu hata moja. Kujiona panzi, sawa, hiyo ni hofu yao na hofu haina aibu. Lakini hicho kipande cha pili wamekitunga wenyewe, kisha wakakileta mbele ya kusanyiko kama habari, na taifa zima likalia usiku kucha.

Miaka kama 40 baadaye Rahabu wa Yeriko anawaficha wapelelezi wengine darini, halafu anawatobolea siri. Anasema wenyeji wote wa nchi wameyeyuka kwa hofu, kwa maana walisikia jinsi BWANA alivyokausha maji ya Bahari ya Shamu. Habari za Bahari ya Shamu! Yaani jambo lililotangulia kabla ya wale 12 kutumwa. Upande mmoja walikuwa wanajiita mapanzi. Ng'ambo ya pili watu walikuwa wanatetemeka.

Na sisi ndivyo tulivyo. Unaamka saa nane za usiku, unamjibia mdai wako maswali ambayo hajakuuliza. Majibu ya vipimo hayajatoka, wewe umeshamsikia daktari akikuambia hakuna la kufanya. Tatizo ni kubwa kweli, sikatai. Ila sehemu ya ule uzito umeipakia wewe.

Kinachonishangaza zaidi ni ile zabibu. Piga picha: watu wawili wamebeba mti mabegani, kichala kimoja kinaning'inia katikati kutoka bonde la Eshkoli, karibu na huko huko Hebroni. Nchi ile wanasema haiingiliki, na wao mabega yanawauma kwa uzito wa matunda yake.

Kalebu aliposema "twaweza kushinda bila shaka," walitaka kumpiga mawe. Halafu ikaja sehemu ambayo wahubiri tunaipitia mbio: alisubiri miaka 45. Aliamini, na bado akazunguka jangwani pamoja na wasioamini, akiwazika rika lake mmoja baada ya mwingine kwa kosa ambalo si lake. Kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba ukimtumaini Mungu jitu litaanguka kabla ya mwisho wa mwezi, mwulize Kalebu. Ana miaka 85 ndipo anamwendea Yoshua: "Basi sasa unipe mlima huu." Wanaanaki bado wako juu yake. Yoshua 15:14 inataja aliowafukuza: Sheshai, Ahimani na Talmai. Majina yaleyale.

Habari ya bonde la Ela, Daudi na Goliathi, mnaijua tangu utotoni, sitairudia yote. Angalieni tu kwamba Israeli nao walikuwa na mtu mrefu wao. Mfalme Sauli aliwapita watu wote kuanzia mabega kwenda juu, na kwa siku 40, asubuhi na jioni, Goliathi alipotoka kuwatukana, yeye alifadhaika pamoja na jeshi lake. Kimo kwa kimo hakukuwa na jibu. Daudi akajaribu silaha za mfalme, akashindwa hata kutembea nazo, akazivua. "Vita ni vya BWANA," akasema, na akaingia bondeni na kombeo alilolizoea.

Ninayotaka muisome ninyi wenyewe ni 2 Samweli 21, kuanzia mstari wa 15. Daudi si kijana tena. Anashuka vitani, anachoka. Jitu jingine, Ishbi-benobu, linadhamiria kumwua, na mkuki wake una uzito wa shekeli 300, nusu ya ule wa Goliathi. Safari hii Daudi hatoi jiwe mfukoni. Abishai mwana wa Seruya ndiye anayekuja kumwokoa, kisha watu wake wanamwapia kwamba hatatoka nao tena vitani.

Nadhani wengi wetu tunaijua imani ya Daudi yule kijana, ya kwenda peke yako huku watu wanatazama. Ya huyu aliyechoka hatuijui vizuri. Mungu yuleyule, vita vilevile, ila msaada umekuja kwa mkono wa mtu mwingine, na Daudi anaukubali.

Sura hiyo inaishia na jitu la Gathi lenye vidole 6 kila mkono na 6 kila mguu. Aliyeliua ni Yonathani, mtoto wa Shama nduguye Daudi. Na huyo Shama tunamfahamu: ni mmoja wa wale kaka watatu waliokuwa katika jeshi la Sauli pale Ela, siku zile ambazo hakuna aliyethubutu kutoka.