Mzigo Unalala Wapi? Ushoroba wa Kati Ukifika Ziwani

KABULA: Msikilizaji, karibu sana. Mimi ni Kabula, niko na kaka Masanja hapa Mwanza. Leo ni Ushoroba wa Kati, ile njia ya mzigo inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi, Uganda na mashariki ya Kongo.

MASANJA: Asante, dada Kabula. Msimamo wangu nautoa mapema: kinachokula fedha ya mfanyabiashara si umbali, ni mzigo kulala njiani. Lori likisimama, tajiri anaendelea kumlipa dereva, analipa maegesho, na riba ya benki haijui kama kuna foleni.

KABULA: Kwa dagaa nakuelewa haraka. Pale Mwaloni Kirumba wanafungwa kwenye magunia, wanaenda Kongo, Rwanda, Burundi. Lori la kuelekea Geita lilikuwa linakwama kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo. Mvua ikikukuta hapo na turubai lina tundu, dagaa wanashika unyevu, wanaota ukungu. Bei imeshaporomoka hata mpaka hujauona.

MASANJA: Na tangu Juni 2025 tuna Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 kutoka Kigongo hadi Busisi. Unavuka kwa dakika chache. Kongo iko palepale ilipokuwa, kilichoondoka ni kusubiri.

KABULA: Na mpakani je?

MASANJA: Rusumo, mpakani na Rwanda, na Mutukula, mpakani na Uganda, kuna vituo vya pamoja, maofisa wa nchi mbili wako sehemu moja, gari linasimama mara moja badala ya mbili. Imesaidia sana. Ila mimi leo nataka twende majini.

KABULA: MV Umoja hiyo!

MASANJA: Yenyewe. Meli ya Ziwa Victoria inayobeba tani 1,200, na sitaha yake, yaani sakafu ya meli, ina reli. Pale bandari ya Mwanza Kusini inarudi kinyumenyume mpaka reli zake zikutane na za gatini, kichwa cha treni kinasukuma mabehewa ndani, upande huu na upande ule kwa zamu ili meli isilalie ubavu. Yanafungwa kwa minyororo, safari ya Port Bell, Uganda. Kule yanavutwa yanaendelea na reli. Hakuna gunia lililoshushwa, hakuna lakiri ya forodha iliyokatwa.

KABULA: Na safari hiyo ilikuwa imekufa miaka mingi, ikafufuka 2018.

MASANJA: Ndiyo, na Uganda wanajua kwa nini wanaihitaji. Mzigo wao mwingi unapita Mombasa. Zile vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya, mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, reli iling'olewa pale Kibera, Nairobi, malori yakakwama, Kampala mafuta yakaadimika. Nchi isiyo na bahari ikitegemea mlango mmoja inakuwa mateka wa mlango huo.

KABULA: Hata sisi tumewahi kutegemea mlango wa jirani. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu 1901, ya kwetu ikafika Mwanza 1928. Katikati hapo bidhaa za kanda hii zilivuka ziwa kwenda Kisumu, kisha Mombasa.

MASANJA: Umeona? Mzigo unafuata njia iliyo wazi. Sasa sikia kinachoninyima raha. SGR, ile reli mpya ya kisasa, inajengwa kutoka Isaka kuja Mwanza, kilomita 341, na naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini upana kati ya vyuma vyake viwili ni milimita 1,435. Reli za MV Umoja, na reli ya zamani ya Uganda, ni milimita 1,000.

KABULA: Kwa hiyo behewa la SGR haliingii melini.

MASANJA: Haliingii. Kontena litainuliwa kwa kreni, litawekwa kwenye behewa jingine au melini, na Port Bell liinuliwe tena. Kreni zikiwa chache, muda wote mliouokoa kutoka Dar mnaupoteza gatini.

KABULA: Ngoja, kaka. Makuli na mama lishe wa bandarini wanaishi kwa mzigo huohuo unaosimama. Mzigo ukipita moja kwa moja, Mwanza inabaki na nini? Vumbi?

MASANJA: Swali la haki. Mwanza inabaki na kitu ikiwa na chake cha kupakia. Mabehewa yanayorudi Dar yakiwa matupu, gharama ya kurudi anabebeshwa yule anayeleta mzigo. Sisi tuna minofu ya sangara, pamba, mchele. Ghala la baridi karibu na stesheni lingeajiri watu wengi kuliko foleni.

KABULA: Na mama wa dagaa wa magunia matano? Kontena zima hawezi kujaza.

MASANJA: Ndiyo maana wakala anayekusanya mizigo midogo kwenye kontena moja ni muhimu kama injinia wa reli. Na mimi wa kwanza ningemuuliza mhusika wa bandari: kreni ngapi, na lini?

KABULA: Kipindi kijacho tunaye wakala wa forodha studio. Wewe unayesafirisha dagaa, tutumie ujumbe: mzigo wako hulala wapi, na siku ngapi? Tutamsomea.