Hodi Kwenye Ngazi za Saint Petersburg

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mnaojiandaa kuongoza watalii wanaozungumza Kirusi: asanteni kwa kunialika kwa mara nyingine. Waliowahi kunisikiliza wanajua ninakoelekea, nami sitaomba radhi kwa kurudia, kwa sababu jambo lenyewe halijarekebishwa.

Nitazungumzia ziara za maisha ya kila siku katika jiji la Saint Petersburg, Urusi, zile ambazo haziwapeleki watu kwenye kasri za wafalme bali kwenye nyua, ngazi, majiko ya pamoja, masoko na treni za kwenda mashambani. Nilisoma huko kuanzia mwaka 1984, jiji likiitwa bado Leningrad, nikakaa miaka mitano, na nimerudi mara kadhaa. Ziara za namna hii naziunga mkono kwa moyo wote. Mtu anaweza kutembea siku nne ndani ya jumba la makumbusho la Hermitage, ambalo hazina yake inazidi vitu milioni tatu, akaondoka bila kujua mwenyeji wa jiji hilo anapika wapi, anaoga wapi, na kwa nini hutupa jicho kali mtu anapotupa mkate. Lakini nina lalamiko moja, na ndilo lililonileta hapa. Wengi wanaouza ziara hizi wanadhani maisha ya watu ni kitu kilichowekwa barabarani ili kitazamwe, ilhali katika jiji lile kila hatua ya maana huishia kwenye mlango wa mtu, na mlango wa mtu una hodi.

Ili mnielewe, ni lazima mjue jiji lile limejengwaje. Mwaka 1844 Tsar Nikolai wa Kwanza aliweka kikomo cha urefu wa nyumba za watu binafsi, takribani mita 23 na nusu, kusudi zisiipite Kasri ya Majira ya Baridi, makao yake ya kifalme. Mwenye kiwanja katikati ya jiji, alipokuwa hawezi kupanda juu, alijenga kuelekea ndani: jengo la mbele likitazama barabara, nyuma yake ua, nyuma ya ua jengo jingine, kisha ua mwingine tena. Nyua hizo ni nyembamba na ndefu kwenda juu, hata Warusi wenyewe huziita nyua za kisima, kwa kuwa ukisimama chini na kuinua macho unaona kipande kidogo tu cha mbingu. Wenye mali waliishi mbele, na kadiri ulivyopita matao kuingia ndani ndivyo kodi ilivyoshuka na mwanga ulivyopungua. Ukitoka barabarani hadi ua wa tatu, umeshuka ngazi yote ya matabaka ya jamii bila kuvuka barabara hata moja. Mwongoza watalii anayelijua hilo hahitaji kubuni hadithi za mizimu.

Nyumba hizo zilikuwa na ngazi mbili. Ya mbele ilikuwa ya wenye nyumba na wageni wao, yenye marumaru na vioo vya rangi. Ya nyuma ilikuwa ya watumishi, kuni na ndoo za maji machafu, nayo iliishia jikoni. Baada ya mapinduzi ya 1917 makazi makubwa ya mabwana yaligawanywa, chumba kimoja kwa familia moja, na jiko, choo, bafu na korido vikawa vya wote. Ndiyo komunalka. Msidhani ni jambo la vitabu vya historia, kwa maana maelfu ya makazi hayo yangali yapo katikati ya jiji, na mpango wa serikali ya jiji wa kuwahamisha wakazi wake, ulioanza mwaka 2008, haujafika mwisho.

Sasa nitawasimulia ziara mbili nilizokwenda mwaka 2018, mwaka wa Kombe la Dunia, wakati jiji lilipojaa wageni na kila kijana mwenye simu alijiita mwongozaji.

Katika ya kwanza tulikuwa zaidi ya watu ishirini. Kijana aliyetuongoza alikuwa na orodha ya namba za siri za milango ya mbele, akabonyeza, tukaingia. Tulikwea ngazi za marumaru, watu wakapiga picha dari, wakapiga picha masanduku ya barua yenye majina ya wakazi, na mmoja akapiga picha viatu vya mtoto vilivyoachwa nje ya mlango. Kwenye ghorofa ya tatu mzee mmoja alifungua mlango akiwa amevaa nguo za kulalia. Hakupiga kelele. Alimwuliza kijana kwa upole ni nani aliyemruhusu, na kijana akajibu kwamba ngazi hizo ni urithi wa taifa. Mzee akasema kwamba urithi huo yeye ndiye anayeupiga deki, akafunga mlango. Kijana akageuka na kutuambia kwa furaha kwamba tumebahatika kumwona mkazi halisi. Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona haya katika jiji lile, kwa sababu nilikuwa nimelipa nauli ya kumwamsha mzee wa watu.

Ziara ya pili iliongozwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyezaliwa katika komunalka hiyohiyo anamoishi. Alikubali watu sita tu. Alitupitisha ua wa pili, tukapanda ngazi ya nyuma, ile ya watumishi, tukaingia moja kwa moja jikoni. Hapo mlangoni palikuwa na kapu la ndara, na kila mmoja wetu alivua viatu akavaa ndara kabla ya kuambiwa neno lolote kuhusu historia. Kisha akatuonesha karatasi mbili ukutani. Ya kwanza ilikuwa zamu za usafi: familia yenye watu watatu husafisha wiki tatu mfululizo, mtu mmoja husafisha wiki moja, kwa hesabu ya vichwa. Ya pili ndiyo iliyonifanya nisimame. Ilikuwa orodha ya tarehe za ziara, saa ya kuingia, saa ya kutoka na idadi ya wageni, na mbele ya kila tarehe saini za majirani. Jirani mmoja, dereva wa zamu za usiku, alikuwa amekata tarehe mbili kwa kalamu nyekundu, na katika tarehe hizo hakuna mgeni aliyeingia.

Hiyo, wanafunzi wangu, ni hodi iliyoandikwa kwenye karatasi.

Tulikaa jikoni karibu saa moja na nusu. Kulikuwa na meza tano, moja kwa kila familia, na majiko mawili ya gesi ambayo kila familia ilijua mafiga yake. Juu ya mlango wa choo kulikuwa na balbu tano zenye swichi tano, kila waya ukielekea kwenye mita ya chumba chake, ili pasiwe na mtu anayelipia mwanga wa mwenzake. Kwenye mlango wa mbele kulikuwa na kengele moja ya zamani na maandishi: piga mara moja kumwita fulani, mara mbili kumwita fulani. Mama yule alituambia ugomvi ulikuwa juu ya nini, nao ulikuwa juu ya nani aliacha mafuta kwenye jiko. Na akatuambia msaada ulikuwa wa namna gani, kwani yeye alipokuwa mdogo na mama yake akifanya kazi kiwandani, alilishwa na meza zote tano. Alituonesha pembe moja ya korido ambapo sakafu ya vipande vya mbao vilivyopangwa kwa ustadi ilikatika, na badala yake kulikuwa na mbao za kawaida. Bibi yake aliving'oa vipande vile na kuvichoma katika majira ya baridi ya 1941 na 1942, mji ukiwa umezingirwa na majeshi ya Ujerumani. Mzingiro ule ulidumu siku 872, na katika kipindi kibaya zaidi, mwishoni mwa 1941, posho ya mtu asiye mfanyakazi wa kiwandani ilikuwa gramu 125 za mkate kwa siku. Namba hizo nilizijua tangu mwaka wangu wa maandalizi nilipokuwa najifunza Kirusi. Sikuwa nimewahi kuziona sakafuni.

Kisha mgeni mmoja akaomba kuona bafu. Mama akakataa. Alisema bafu ni la watu kumi na mmoja, naye aliwaomba ruhusa ya jiko na korido tu. Hakukasirika wala hakujieleza zaidi. Akamwongezea mgeni chai.

Najua yatakayosemwa, maana nimeambiwa katika ukumbi huuhuu. Mmoja atasema kwamba hodi ni desturi yetu Waswahili, na kwamba ninawapachika Warusi adabu isiyo yao. Anayesema hivyo hajawahi kualikwa nyumbani kwa Mrusi. Huko hupeani mikono juu ya kizingiti. Unasubiri hadi mmoja avuke. Unavua viatu, kwa sababu nje kuna theluji, matope na chumvi ya barabarani kwa miezi mingi, na mwenyeji anakupa ndara. Huji mikono mitupu: unaleta kitafunio cha kunywea chai, na ukileta maua yawe na idadi isiyogawanyika kwa mbili, kwani maua manne au sita ni ya mazishini. Watu wenye kizingiti kizito namna hiyo hawahitaji kufundishwa hodi na mimi. Anayehitaji kufundishwa ni mfanyabiashara wa ziara.

Mwingine atasema kwamba kuonesha komunalka ni kuuza umaskini wa watu. Hoja hii naiheshimu, lakini haijakamilika. Katika vyumba vile wanaishi wastaafu, wanafunzi, wahandisi, vijana waliotoka mikoani na watu waliokataa kuhama kwa sababu hawataki kuacha katikati ya jiji. Aibu haiko katika chumba kidogo, iko katika namna ya kukitazama. Mama yule alikuwa mwenyeji, akipanga nani aingie na mazungumzo yaishe saa ngapi, na malipo aligawana na majirani waliotia saini. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nami nimeona methali hiyo ikitimia kwenye ghorofa ya nne. Yule mzee wa nguo za kulalia hakupona chochote.

Na wa tatu, ambaye kwa kawaida ni mwenye kampuni, atasema kwamba watu sita hawalipi gharama. Basi punguza gharama, au waoneshe watu hao ishirini kitu kilicho cha wote! Viko vingi, nami nilipaswa kuvieleza kwa kirefu, lakini muda umekimbia, kwa hiyo nitavipitia haraka.

Wapelekeni kwenye duka la donati katika barabara ya Bolshaya Konyushennaya, lililofunguliwa mwaka 1958, ambako donati za moto hunyunyiziwa unga wa sukari na kahawa hutoka kwenye tangi ikiwa tayari imechanganywa na maziwa mazito ya kopo. Simameni kwenye foleni pamoja na wanafunzi na wastaafu, kwa maana foleni ndiyo ziara. Wapelekeni kituo cha metro cha Admiralteyskaya, kilicho mita 86 chini ya ardhi kwa sababu udongo wa juu wa delta ya mto Neva ni teketeke, na watazameni watu wanaosoma vitabu wakishuka kwenye ngazi za umeme. Waelezeni kwamba kila kiangazi maji ya moto hukatwa, mtaa kwa mtaa kwa ratiba, hadi siku 14, ili mabomba ya jiji yakaguliwe, na kwamba katika siku hizo watu huchemsha maji kwenye sufuria au huenda kuoga kwa ndugu. Mtalii aliye hotelini hajui hata kidogo kwamba jambo hilo lipo. Kwenye barabara ya Nevsky, nyumba namba 14, wasimamisheni mbele ya maandishi ya wakati wa vita yanayowaonya raia kwamba upande huo wa barabara ni wa hatari zaidi makombora yanapopigwa. Ijumaa jioni ya kiangazi, pandeni nao treni ya umeme iliyojaa watu wenye miche na ndoo, wanaokwenda kwenye viwanja vya mita za mraba mia sita walikopanda viazi na matango. Kuhusu ziara za juu ya mapaa sitasema mengi: mabati yakikanyagwa hulegea, theluji ikiyeyuka huvuja, na anayelowa ni mkazi wa ghorofa ya juu ambaye hakuulizwa. Sheria ya waongoza watalii iliyoanza Julai 2022 inadai cheti, nalo ni jambo jema, ila cheti hakimwombi jirani saini.

Mwenyekiti ananionesha saa. Nimalize na samaki. Kati ya Aprili na Mei samaki mdogo aitwaye koryushka hupanda mto Neva kwenda kutaga, na jiji zima huanza kunukia matango mabichi, kwani ndiyo harufu yake. Huuzwa mitaani, hupakwa unga na kukaangwa, huliwa na mifupa yake. Wavuvi husimama kando ya mto, ndoo miguuni. Mkiwafikia, msichungulie kwanza. Salimieni, ulizeni siku inaendaje, kisha ombeni kuona ndani ya ndoo. Wengi wataiinamisha wenyewe ili mwone vizuri.

Sasa nayapokea maswali.