Aliyekosewa Ndiye Aliyeleta Jani la Masale

Bwana Yesu asifiwe! Baba zangu, mama zangu, na ninyi vijana mliosimama mlangoni, ingieni, nafasi bado ipo.

Nianze na bibi mmoja wa huku juu migombani. Aliniita akiwa mgonjwa wa kitandani, nami nikadhani anataka maombi. Kumbe akaingiza mkono chini ya godoro, akatoa bahasha za ahadi, zile za sadaka ya kanisani, zilizofungwa kwa raba, akaanza kuzihesabu juu ya blanketi. Tatu zilikuwa tupu. "Mwanangu," akasema, "nikifa na hizi tupu, Mungu atanipokea?"

Alibatizwa mchanga, akapata kipaimara, akaimba kwaya ya akina mama mpaka sauti ikakatika. Na bado anaogopa! Niliona aibu, wapendwa, maana sisi tunaofundisha ndio tuliomfikisha pale. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walipanda mlima huu wa Kilimanjaro mwaka 1893, Wakatoliki wakiwa wameshafika Kilema. Miaka yote hiyo, na bibi anahesabu bahasha.

Martin Luther, aliyeanzisha Ulutheri, naye alihesabu. Akiwa mtawa kule Erfurt alifunga, akakesha, akaungama mpaka akachoka, na hofu haikuondoka. Aliposoma Warumi 1:17 alikuwa akiichukia haki ya Mungu, akidhani ni ile ya kumhukumu. Alipotambua kwamba ni haki ambayo Mungu humpa mtu kwa imani, akapumua. Wala hili si la Walutheri peke yao: tarehe 31 Oktoba 1999, pale Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko moja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu. Ndugu zangu Wakatoliki wa Kibosho, hapa tuko pamoja.

Lakini bibi sikumweleza habari za Augsburg. Nilimuuliza habari za masale.

Sote hapa Uchagani tunajua, masale ni jani la kuombea msamaha. Umemkosea jirani, umesogeza mpaka wa kihamba, shamba lake la nyumbani, umemtukania mama yake. Unachuma jani la masale, unaenda kwake kichwa chini. Akiliona, hawezi kukufukuza. Na ni nani anayelibeba? Ni mkosaji! Hujawahi kuona aliyeibiwa ng'ombe akibisha hodi kwa mwizi na masale mkononi.

Sasa sikilizeni Warumi 5:8: "Kristo alikufa kwa ajili yetu, tulipokuwa tungali wenye dhambi." Tungali! Hatujatubu, hatujachuma kitu, hatujafika hata kwenye uzio. Aliyekosewa ndiye aliyetoka kwake, akaja mpaka mlangoni petu.

Najua mtauliza, basi tutende tutakavyo? Paulo anajibu papo hapo. Waefeso 2:9 inasema "wala si kwa matendo". Mstari wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo "tutende matendo mema". Mtoto hafagii uwanja ili awe mtoto wa nyumba ile. Anafagia kwa kuwa ni kwao.

Bibi alinyamaza kitambo, macho yako dirishani. Kisha akauliza taratibu, "Yaani ni Yeye aliyeshika masale?"

"Ndiyo, bibi. Ni Yeye."

Akazikusanya zile tatu tupu, akazirudisha chini ya godoro. Kisha akatoa moja yenye shilingi elfu mbili, akanikabidhi kwa mikono miwili, akaniomba nimpelekee kanisani Jumapili.