Mzazi Akilia Ndani ya Arubaini

Assalaam alaykum warahmatullah. Mama zangu, shangazi zangu, na nyie wanaume mliojibanza pale mlangoni, sogeeni ndani jamani maana leo maneno mengi ni yenu.

Mie nimekaa na wazazi miaka mingi, nakusudia hawa waliojifungua, na kinachoniuma roho ni hichi, mwanamke akizaa watu wote twamuangalia mtoto. Kanyonya? Kalala? Kafanana na nani? Mama mtu yupo kitandani kajigubika kanga analia, hakuna anayemuuliza, au anaulizwa vibaya, "walilia nini na Mungu kakupa mtoto mzima?" Suali hilo linamzidishia tu, sasa analia na anaona haya kwa kulia.

Sikilizeni. Kondo la nyuma likishatoka, homoni zilizopanda miezi yote ile zinaporomoka kwa siku chache tu, ndo maana wazazi wengi siku ya 3 au ya 4 machozi yanakuwa karibu, saa hii anacheka saa hii analia, hilo si ugonjwa, ndani ya wiki 2 linaondoka lenyewe. Lakini wiki 2 zikipita bado hana raha, halali hata mtoto akilala, chakula hakipiti, anajiona hafai, mtoto hamuingii moyoni, hiyo sasa ni sonona. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi kama zetu karibu wanawake 20 katika kila 100 waliozaa wanapata maradhi ya akili, na zaidi ni hiyo sonona. Yaani katika kila wazazi 5, mmoja. Hebu zihesabuni nyumba za mtaani kwenu.

Na sie twasema nini? Kachezewa, ana shetani, imani yake ndogo. Haya, twendeni Surat Maryam aya ya 23, Bibi Maryam uchungu ulipompeleka kwenye shina la mtende alisema laiti ningekufa kabla ya haya. Bibi Maryam huyo! Na hakuambiwa imani yako ndogo, aliambiwa usihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji, akaambiwa tikisa mtende tende zikuangukie, kula, kunywa, litulie jicho lako, na ukimuona mtu mwambie leo sisemi na mtu. Maji, chakula, neno la kumtuliza, na kuepushwa na midomo ya watu. Kila nikiisoma mie naiona arubaini yetu ile ile, zile siku 40 za mzazi baada ya kuzaa.

Maana arubaini ya zamani haikuwa kukandwa na kufungwa mkaja tu. Mtu karudi kwao, mama yupo, shangazi yupo, huyu anakoroga uji wa pilipili manga, yule kampakata mtoto, mzazi analala zake, hapati nafasi ya kubaki peke yake na mawazo. Leo msichana kapangishiwa chumba Mwanakwerekwe kule Unguja, mama yake yuko huku Wete, Pemba, nauli ya boti haipo, mume yuko kazini hotelini Nungwi anakuja mara moja kwa wiki, siku ya 7 mzazi anafua mwenyewe.

Mmoja aliniambia, mie silii kwa sababu ya mtoto, nalia kwa sababu mume wangu kasema ukiendelea kununa naongeza mke. Kaambiwa siku ya 19, damu haijakatika. Jamani wanaume, haki ya kuoa mnayo sijaja kubishana nayo, lakini kumtishia mtu mke mwenza au talaka ndani ya arubaini ni kumpiga mgonjwa. Na lile la chumbani pia, mzazi mwenye sonona hamu inamtoka kabisa, si kwamba hakutaki wewe wala hana mtu mwengine, ni maradhi, akipona inarudi.

Na anapona. Huko Rawalpindi, Pakistan, wahudumu wa afya wa vijijini, si madaktari, walifundishwa kumfuata mama nyumbani tangu ana mimba, wanazungumza nae kwa utaratibu na watu wa nyumba wanashirikishwa. Matokeo yalitoka 2008, mtoto alipofika miezi 6 waliobaki na sonona walikuwa kama 23 katika 100, na wale waliotembelewa hivi hivi bila ya mazungumzo hayo walikuwa 53. Hapo hata dawa sijaitaja, na dawa zipo, nyengine mtu anameza huku ananyonyesha, daktari ndo atakayechagua. Halafu apimwe damu, upungufu wa damu na tezi la shingo vinaweza kumuonyesha mtu vivyo hivyo, mchovu hana hamu ya kitu.

Kimoja msikicheleweshe. Mzazi hajalala usiku wa pili huu, anasikia sauti, anasema mtoto huyu si wangu, au anataka kujidhuru, hapo hakuna cha kusubiri mganga wala kusubiri kuche, spitali saa ile ile, na msimuache peke yake na mtoto hata dakika moja.

Haya, baba wa mlangoni, mkono umeunyoosha zamani, sema, usione haya.