Nicodemus, Kansas: Makazi Yaliyopitwa na Reli

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tunazungumzia Nicodemus, makazi madogo katika kaunti ya Graham, jimbo la Kansas nchini Marekani. Kisheria mahali hapo si mji, kwa maana hapana meya wala baraza la mji, na utawala uko mikononi mwa kaunti. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 14 tu. Kaka Salim, tuanzie wapi?

SALIM: Tuanzie Kentucky, dada Rehema, kwani huko ndiko walikotoka wengi wa watu weusi walioyaanzisha makazi hayo mwaka 1877, miaka 12 baada ya utumwa kufutwa Marekani. Mhubiri mweusi W. H. Smith na mzungu mmoja mfanyabiashara wa viwanja, W. R. Hill, walikuwa wameisifu mno ardhi ya Kansas, na familia zilizochoshwa na dhuluma za Kusini zikafunga mizigo. Treni iliwafikisha mji wa Ellis, Kansas, na kutoka hapo wengi walitembea zaidi ya kilomita 50.

REHEMA: Na walipofika hawakuona mji wowote. Simulizi ya Willianna Hickman, aliyefika mwaka 1878, hunigusa kila ninapoikumbuka: aliuliza Nicodemus iko wapi, mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukifuka kutoka ardhini, kwa sababu watu waliishi katika mashimo waliyoyachimba wenyewe, naye akaanza kulia.

SALIM: Alikuwa na haki ya kulia. Miti ilikuwa haba na zana za kilimo zilikuwa chache, na wazee wa Nicodemus wamesimulia kwamba katika majira ya baridi ya kwanza waliokolewa na Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni, ambao waliwagawia chakula. Hata hivyo, katika miaka kumi palikuwa na makanisa, shule, hoteli na magazeti, na mkazi wao mmoja, Edward McCabe, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima.

REHEMA: Kisha ikaja habari ya reli.

SALIM: Ndiyo, na hapo ndipo biashara ilipovunjika. Wakazi walikuwa wamekubali kuchangia dola 16,000 ili njia ya reli ipite kwao, lakini mwaka 1888 reli ilipita kusini ya mto Solomon, na wafanyabiashara wakahamia Bogue, mji mdogo wa jirani uliokuwa kwenye njia ya reli, wengine wakiyakokota hata majengo yao.

REHEMA: Mimi sikubali kwamba reli iliiua Nicodemus. Wakulima walibaki mashambani mwao, na ingawa posta ilifungwa mwaka 1953, vizazi vya waanzilishi hurudi kila mwishoni mwa Julai kuadhimisha ukombozi. Mwaka 1996 serikali kuu iliifanya kuwa eneo la kihistoria la taifa, lakini watu hao walikuwa wakirudi kwao muda mrefu kabla ya hapo, na ukumbi wa mawe ya chokaa uliojengwa mwaka 1939 bado umesimama.