Jifunze Kushuka Kwanza: Kupinduka Kwenye Nguzo kwa Mwenye Woga

Karibu. Nimesimama kando ya nguzo na leo hatuna haraka. Video hii ni yako wewe unayefanya mazoezi ya kucheza kwenye nguzo ya chuma, unayeizunguka vizuri, unayepanda mpaka karibu na dari, lakini mwalimu akitamka "pinduka", yaani kichwa chini miguu juu, tumbo linakaza, viganja vinalowa na miguu inagoma kuondoka sakafuni.

Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Darasani kwangu nimeuona ukweli wa maneno hayo mara nyingi. Anayeogopa kichwa chini huwa anauliza swali la maana kabisa: nikifika kule, nitarudije? Mwili haujapewa jibu, ndiyo maana unakataa. Kwa hiyo sitakuambia ujikaze. Nitakufundisha kushuka kwanza, na kupanda kutafuata. Mpanda ngazi hushuka. Methali hiyo watu humwambia mwenye majivuno, lakini mimi nimeifanya mpangilio wa somo.

Tuanze na mambo ya usalama. Kama una presha ya damu, presha ya macho, tatizo la retina, jeraha la shingo, kizunguzungu kisichoeleweka, au una mimba, simamisha video hapa umwone daktari kabla ya kuendelea. Ukiwa kichwa chini, shinikizo ndani ya macho linapanda, na jicho bovu halivumilii. Wengine, hakikisheni saa mbili hivi zimepita tangu mlipokula.

Sasa nguzo. Yangu ina kipenyo cha milimita 45 na nimeifunga isizunguke. Nguzo inayozunguka tutaiacha kwa siku nyingine. Kama yako ni ile inayokazwa kati ya sakafu na dari, hakikisha juu yake pana zege au boriti. Jipsamu haibebi mtu. Kila siku kabla ya mazoezi ishike kwa mikono miwili, itikise kwa nguvu, na ikicheza hata kidogo, kaza upya.

Chini weka godoro la kuangukia, lile linalozunguka shina la nguzo, unene wa sentimita 10 au zaidi. Mkeka wa yoga hautoshi.

Halafu ngozi. Nguzo inashikwa na ngozi, hasa nyuma ya goti na ubavuni. Leo usijipake losheni, wala mafuta ya nazi, wala Vaseline, hata asubuhi. Nasema hivi kwa uchungu. Mimi mwenyewe niliteleza kutoka kwenye goti kwa sababu ya mafuta niliyojipaka saa nne kabla ya mazoezi, nikidhani yameshakauka. Nilishuka kwa bega, nikakaa wiki tatu bila kunyanyua mkono. Kilichochukua muda mrefu zaidi kupona ni kuiamini nguzo tena. Futa nguzo kwa kitambaa chenye spiriti, futa na nyuma ya magoti yako kwa taulo kavu. Walioko Mombasa na Dar, ambako jasho halisubiri ruhusa, futeni kila baada ya jaribio moja. Na dada zangu mnaopenda kufanya mazoezi mkiwa mmejisitiri, kuna taiti zenye kitambaa kinachonata zilizotengenezwa kwa ajili ya nguzo. Taiti za kawaida zinateleza, usizijaribu kichwa chini.

Sasa njoo kitandani. Ndiyo, kitandani. Lala chali, sogea mpaka mabega yafike ukingoni, acha kichwa kining'inie polepole. Sekunde 20. Pumua kwa pua, toa kwa mdomo. Rudi kwa kugeukia ubavu, kaa, subiri. Rudia mara tatu.

Unasikia nini? Wengi wanasema masikio yanajaa, uso unapata joto, chumba kinaelea. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo sana za chokaa zilizokaa juu ya vinyweleo, na ndizo zinazouambia ubongo upande upi ni chini. Kichwa kikigeuka, chembe hizo zinavuta upande ambao ubongo haukuuzoea, na kengele inalia. Njia ya kuituliza ni kuuonyesha ubongo hali hiyo mara nyingi, kidogo kidogo, mahali ambapo huwezi kuanguka. Siku tano za kitandani kwa dakika tatu zinamsaidia mwoga kuliko saa nzima ya kulazimishwa nguzoni. Usiruke hatua hii kwa kuwa inaonekana ya kitoto.

Ukishazoea, tushuke sakafuni. Tazama ninavyokaa: nguzo iko upande wangu wa kulia, imegusana na ubavu karibu na kwapa. Mguu wa kulia, ulio karibu na nguzo, tuuite wa ndani. Wa kushoto tuuite wa nje. Nimefunga utepe mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kulia, nawe funga. Kichwa kikiwa chini, kulia na kushoto vinapotea kabisa, watu husogeza mguu ambao sio na hapo ndipo hofu inapozidi. Mwalimu akisema "upande wa utepe" unajua mara moja.

Shika nguzo kwa mikono miwili mbele ya kifua, lala chali, magoti yaje kifuani. Nyanyua kiuno mpaka ubaki umelalia mabega, kisha fungua miguu iwe kama herufi V, nguzo ikiwa katikati. Umbo hili wacheza nguzo wanaliita chopa, kama ile ndege ya mapanga juu. Angalia, niko kichwa chini tayari na mabega yangu yamekaa kwenye godoro. Hakuna pa kuanguka.

Sasa funga miguu, kunja magoti, teremsha kiuno, mgongo ukigusa godoro pingili kwa pingili. Hesabu tano kwa sauti. Hiyo ndiyo kushuka kwa kwanza. Fanya mara kumi. Kama kiuno kinadondoka kwa kishindo ukifika tatu, tumbo bado halijawa tayari, na habari hiyo ni njema kuijua ukiwa sakafuni.

Kushuka kwa pili kunahitaji mtu wa kukushika, mtu aliyefundishwa, asimame upande wa mgongo wako, mkono mmoja kiunoni na mwingine begani. Rudi kwenye chopa ya sakafuni, kunja goti la nje, nguzo iingie kwenye kikunjo nyuma ya goti, kisigino ukivute kuelekea kalioni. Weka viganja vyote viwili kwenye godoro kando ya kichwa, sukuma sakafu, nyoosha mikono kadiri unavyoweza, kisha tembeza viganja mbali na nguzo, fungua goti na ushushe mguu mmoja baada ya mwingine. Njia hii utaitumia siku mikono itakapochoka ukiwa juu kidogo na nguzo ikakataa kukurudisha ulikotoka. Ifanye mpaka ichoshe.

Na ya tatu, ya dharura. Ukihisi unateleza, kaza miguu, shika nguzo kwa mikono yote miwili, kidevu kifuani. Kidevu kifuani! Ukiteleza kidevu kikiwa kifuani, unatua kwa mgongo wa juu. Kichwa kikining'inia nyuma, unatua kwa utosi, na shingo ndiyo inayolipa. Tamka pamoja nami: kaza, shika, kidevu. Tena. Kaza, shika, kidevu. Nataka maneno hayo yatoke mdomoni kabla akili haijapata nafasi ya kubabaika.

Sasa tusimame. Nguzo kulia, imebanwa vizuri kwapani, mikono miwili karibu karibu usawa wa kifua na kidevu, viwiko vimekunjwa. Nyanyua magoti yote mawili mpaka kifuani, kaa hapo. Sekunde 10. Shuka taratibu. Ukiweza mara tano bila kurusha miguu, uko tayari kujaribu. Ukishindwa, baki hapa wiki moja, mbili, hata tatu.

Jambo hili sitalilegeza. Usiruke. Najua unaona watu wakirusha mguu mmoja na wanafika. Anayeruka anafikishwa na mruko mahali ambapo nguvu zake haziwezi kumrudisha, na mwili wake unalijua hilo hata kama yeye halijui. Halafu anashangaa kwa nini bado anaogopa. Zaidi ya hapo, bega linavutwa ghafla, na bega likichanika halina mchezo. Niliwahi kuwa na mwanafunzi aliyekuwa na nguvu kuliko wote darasani, lakini alijifunza kupinduka kwa kuruka. Miezi mingi alikuwa akifika juu anaganda, macho yamefumbwa, hawezi hata kujibu akiulizwa. Tulimrudisha kwenye magoti kifuani. Alilia siku ile. Wiki ya nne akapinduka polepole, akafungua macho, akatuambia anaona nywele zake zinagusa godoro.

Twende. Mtu wako yuko tayari? Vuta pumzi. Magoti kifuani huku unatoa pumzi. Sasa tazama vidole vya miguu yako, egemeza mabega nyuma, na uinue kiuno kuelekea dari, kama vile unataka kumwonyesha mtu aliye juu mfuko wa nyuma wa suruali. Kiuno kikipita usawa wa mabega, fungua miguu. Chopa. Mguu wa nje unakunja, nguzo inaingia nyuma ya goti. Mguu wa ndani unanyooka mbele. Ubavu unabana nguzo.

Simama hapo. Macho wazi. Nimebandika kipande cha selotepu ukutani, usawa wa paja langu, nakitazama hicho tu. Taja kwa sauti sehemu zinazokushika: goti, ubavu, mikono. Mtu anayeongea anapumua, na anayepumua hagandi. Hesabu tatu. Sasa rudi: mguu wa ndani ufuate nguzo, fungua goti, magoti kifuani, teremsha kiuno, miguu chini.

Leo yatosha hivyo mara tatu. Kuachia mikono ni kwa siku nyingine, ukiwa unaweza kukaa juu kwa sekunde 15 bila kutetemeka. Siku hiyo achia kidole kimoja cha mkono wa nje. Kirudishe. Achia kiganja. Kirudishe. Kisha gusa godoro kwa mkono huo. Urefu uwe ule ule wa kufikia sakafu, na mtu wako asiondoke.

Kuna woga mwingine ambao godoro haliuondoi, nao ni wa macho ya watu. Wengine mnaficha mnakokwenda mkitoka kazini, kwa sababu mtu akisikia nguzo anafikiria baa. Waambieni kwamba India kuna mallakhamb, mchezo wa jadi unaochezwa kwenye nguzo ya mbao, na jina lake lina maneno mawili, mpiganaji mieleka na nguzo. Wanamieleka walijijenga kwa kupanda na kupinduka hivi hivi. Mwaka 2017 shirikisho la kimataifa la michezo ya nguzo lilipewa hadhi ya mwangalizi na GAISF, chombo kilichokuwa kikiunganisha mashirikisho ya michezo duniani. Na hapa kwetu Kenya, vijana wa sarakasi wamepanda mabega ya wenzao na kupinduka hewani kwa miaka mingi, na tumewapigia makofi. Mwili unaojifunza kugeuka ni ule ule.

Ukimaliza usisimame ghafla. Chuchumaa, shika nguzo, kichwa kiinuke mwisho kabisa. Damu inahitaji muda kurudi mahali pake. Kunywa maji.

Tayari? Futa nguzo. Hamisha utepe uufunge mkono wa kushoto, ulale chali, na tuanze upande wa pili kutoka sakafuni.